Nati Nne, Milango Minne

Hebu niambieni, jirani zangu, maana hapa Tulsa sina tena mtu wa kumwuliza akanijibu bila kucheka. Gari la milango minne na gari la milango miwili, lipi bora? Msiumize kichwa. Milango minne, si ndiyo? Baba mbele, mama mbele, watoto nyuma, shemeji nyuma kapakata mtoto mmoja na sufuria la pilau. Kila mtu anashuka kwa mlango wake. Hakuna kumkunja mtu mzima apenye nyuma ya kiti huku suruali inampasukia.

Basi kwenye magari ya kale ya Kimarekani milango minne ni mkosi. Yaani mkosi kabisa. Chukua Chevrolet Bel Air ya 1962. Ile ya milango miwili, yenye paa jembamba na kioo cha nyuma kilichobinuka, watu wazima na mvi zao wanaigombania mnadani. Pacha wake katoka kampuni ileile, mwaka uleule, injini ileile, ila kapewa milango miwili ya nyongeza. Huyo anapelekwa kwenye vyuma chakavu akapimwe kwa uzito. Akipata bahati ananunuliwa wa kuchinjwa: wanachomoa vioo, taa na bampa wakamvishe yule wa milango miwili, mzoga unaobaki ukasagwe. Sasa hapo mimi nielewe nini?

Balaa lote hili kaniletea shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, Mama Zawadi. Anaendesha lori la masafa marefu. Leo yuko Arizona, keshokutwa yuko Ohio. Ukikaa kwenye kichwa cha lori unaona juu ya uzio na juu ya nyasi. Madereva wenzake wanaona mizani, wanaona askari kajificha chini ya daraja. Yeye anaona pezi la Cadillac limechomoza kwenye mahindi. Na trela lake lina futi 53, haliwezi kukata kona kuingia njia ya shambani, kwa hiyo hasimami. Anapunguza mwendo, anapiga picha, ananirushia lokesheni. Saa tisa za usiku. "Shem, kesho nenda kaulize."

Nikaulize nini? Mimi gari nalijua kwa rangi. Nimekulia Temeke. Gari kwangu lilikuwa daladala, na swali lilikuwa moja tu, lina nafasi au halina. Leo naambiwa nikapapase chesisi za watu wa Oklahoma.

Shemeji naye kajua uwezo wangu mapema, akanipa kazi ya mjinga. Kuhesabu. Ukikuta Chevrolet za miaka ile, Shem, hesabu taa za nyuma. Tatu kila upande ni Impala, mbili kila upande ni Bel Air au Biscayne, wadogo zake. Ukikuta Mustang za mwanzo hesabu nati za gurudumu. Tano, ni V8. Nne, ni silinda sita, rudi nyumbani ukalale. Mimi nikaandika kwenye karatasi, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Msomi.

Kuaibika nilianzia yadi ya vyuma chakavu. Mahali penyewe kelele tupu, kreni ina kucha, inanyanyua friji na mashine za kufulia inazitupa kwenye lundo. Katikati ya foleni nikaiona Bel Air ya 1962, rangi ya bluu iliyopauka, wameileta watoto wa marehemu baada ya kusafisha banda la baba yao. Nikazunguka nyuma. Taa mbili, taa mbili. Nikazunguka ubavuni. Jamani! Nikafungua na kufunga mlango mmoja mmoja nihakikishe. Nikampigia shemeji simu ya video, napiga kelele kushinda kreni. "Shem! Minne! Yote inafungika!" Watu wenye helmeti wakaacha kazi wakanitazama. Kwenye simu kimya. Halafu nikasikia, "Umesema mingapi?" Nikarudia kwa furaha. Akakata.

Bwana wa mizani pale yadi ndiye aliyenionea huruma. Akaniambia gari jipya kidogo lingekuwa na kataliki, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba lake, na ndani ya kataliki mna platinamu, paladiamu na rodiamu, yadi wanaifuata hiyo hasa. Kataliki zimeanza kuenea Marekani kwa modeli za 1975. Hii ya 1962 haina. Hii ni chuma tu, tani moja na nusu, mara bei ya chuma ya siku hiyo, kwaheri. Nikamwuliza kama naweza kuinunua mimi. Akasema yadi yao kilichoingia kwa mizani hakitoki kwa magurudumu. Nikamwambia, lakini ina milango minne! Akanipigapiga begani. Kucha ikashuka ikapasua paa, kioo cha nyuma kikalia mara moja tu, na mlango wa nyuma wa kushoto ukafunguka wenyewe ukabaki unaning'inia hewani. Kitasa kinang'aa. Mpaka leo nakiona kile kitasa.

Mashambani ndiko kwenye mambo sasa. Getini bango: marufuku kuingia. Chini yake bango la pili lina picha ya bunduki, kwa wasiojua kusoma. Mimi na ngozi yangu hii, lafudhi ya Temeke, Corolla yenye bampa la kufungwa na waya, unaanzia wapi? Nimebuni utaratibu. Nasimama nje, napiga honi mara mbili, natoka mikono juu, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Wanakuja mbwa kwanza. Wananinusa kwa zamu. Halafu anakuja mzee, taratibu, juu ya kigari cha kukatia nyasi, hazimi injini.

Na wazee wote wana maneno yaleyale, sijui wanafundishwa wapi. Lilikuwa linawaka siku lilipoegeshwa. Ndiyo mzee, na bibi yangu alikuwa anacheza mdumange siku alipokuwa msichana. Haliuzwi, nitalitengeneza. Mti umeota ndani ya injini, umetoboa boneti, una kivuli cha kutosha ng'ombe wawili, na mwenyewe anakuambia joto likianza analishughulikia. Kwetu gari likilala nje bila mlinzi, asubuhi unalikuta juu ya matofali. Hapa Studebaker inaoza uwanjani kwa amani na hakuna mtoto aliyeiba hata kofia ya gurudumu. Kiwanda chenyewe cha South Bend, Indiana, kilifunga laini ya magari Desemba 1963. Plymouth wamekufa, Oldsmobile wamekufa, Pontiac wamekufa. Mzee bado anasubiri joto lianze.

Mwenye akili alikuwa familia moja tu, ya kule White, Georgia. Walikuwa na magari zaidi ya 4,000 yameachwa msituni, misonobari imepita kwenye madirisha. Waliacha kuhangaika na kuuza. Wakatoza kiingilio. Watu walikuwa wanalipa pesa halali kwenda kutazama kutu na kuipiga picha. Mimi natazama kutu kila wiki, tena nang'atwa na siafu wa moto, na mafuta ya Corolla natia mwenyewe.

Ukimkuta anayekubali kuuza ndiyo utaijua bei. Hapo lazima usomewe habari ya Nebraska. Kila mzee anaijua, na shemeji anaisoma kwa sauti ya sala. Kulikuwa na muuza Chevrolet mji mdogo wa Pierce, alifungua duka 1946, akafunga 1996. Magari yasiyouzika aliyaweka tu, na ya watu waliobadilishana naye akayatupa shambani. Septemba 2013 yakapigwa mnada, kama 500 hivi, watu wakafurika mpaka mji ukakosa pa kukanyaga. Pikapu moja, Chevrolet Cameo ya 1958, ilikuwa haijatembea hata maili mbili. Maili 1.3 kwenye saa yake! Ikaenda kwa dola 140,000. Basi tangu hapo Oklahoma yote imeharibika. Mwenye pikapu iliyobebea mbolea miaka thelathini naye anakutajia Nebraska. Unamwambia mzee, yako ina maili laki mbili na kuku. Anakwambia, najua nilicho nacho.

Mimi nikiambiwa Nebraska najibu Tulsa. Tarehe 15 Juni 1957 hapahapa mjini walizika Plymouth Belvedere mpya kabisa mbele ya mahakama, Oklahoma ilikuwa inatimiza miaka 50 tangu iwe jimbo. Waliijengea kaburi la zege, wakasema hata bomu la nyuklia halitaligusa. Wakaweka na petroli kando, isije 2007 ikakuta dunia haina mafuta. Raia wakabashiri watu wa Tulsa watakuwa wangapi baada ya nusu karne, atakayekaribia gari ni lake. Juni 2007 wakafukua. Bomu halikufika. Maji yalifika. Gari lilikuwa limezama, kutu tupu, limevimba matope. Na mshindi alishafariki tangu 1979, wakarithi dada zake. Hapo ndipo nawauliza wazee: jiji zima, wahandisi, zege, wameshindwa kulitunza gari moja, wewe umelifunika kwa turubai lenye tundu unataka buku kumi na nane? Nawauliza kimoyomoyo. Mbwa wanasikiliza.

Buku kumi na nane hizo sikuzitunga. Ni za mzee mmoja kaskazini mwa Tulsa, mwenye Mustang ya 1965. Shemeji aliiona kutoka barabara kuu, akalia machozi ya furaha, nikatumwa. Kwanza kuna jambo linanikera hapa. Mustang ilizinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964, siku ya kwanza tu watu wakaagiza 22,000, na haikumaliza miaka miwili zikawa zimetengenezwa milioni. Milioni! Halafu mtu anakuambia adimu. Lakini nani ananisikiliza.

Gari lilikuwa limezama ardhini mpaka kwenye ekseli. Kiti cha nyuma kimelaliwa na kuku, hakutaka kutoka. Mzee kakaa kwenye kiti cha plastiki na glasi ya chai ya barafu. Nikamwomba nihesabu nati. Akanipa kisepetu cha kupandia maua, akatulia kutazama. Nikapiga magoti na suruali ya kanisani nikachimba. Udongo wa Oklahoma ni mwekundu, haufuliki. Nikafikia gurudumu, nikabandua kofia kwa ufunguo wa Corolla, ufunguo ukapinda. Nati nne. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili. Nne. Nikamwambia mzee pengine moja imeanguka. Akafikiri, akasema, "Inawezekana."

Nikapiga simu. Shemeji akataka nimsomee kibati cha mlangoni. Nikasugua kwa mate. 5F07T, halafu namba nyingine. Akaanza kutafsiri huku naisikia honi ya lori lake: 5 ni mwaka 1965, F ni kiwanda cha Dearborn, Michigan, 07 ni paa la kawaida. "Na T?" nikauliza. Akapumua. T ni silinda sita. Ingekuwa C au A ni V8, ingekuwa K tungeuza nyumba tuinunue. Nyumba ya nani, hakusema. Jana yake nilikuwa nimepiga simu duka la spea kuulizia tu bei za vitu, kijana akataka namba ya chesisi. Nikamsomea ya mfano aliyonipa shemeji, ina tarakimu 11. Akasema, bwana, umesahau sita. Kumbe namba za tarakimu 17 zimeanza na magari ya 1981, na kompyuta yake haijui kwamba kabla ya hapo kulikuwa na dunia. Tukabishana. Nilikubali kwamba nimesahau sita ili tuagane vizuri.

Shemeji hakukata tamaa. Akasema Mustang hizi ugonjwa wao ni pale chini ya kioo cha mbele, penye matundu ya kuingiza hewa. Maji yanatuama ndani, bati linaoza, mvua ikinyesha unaoga miguu. Ingia ukae, mtu amwage maji, utaona. Nikaingia. Kuku akanguruma, sijui kama kuku wananguruma, huyu alinguruma. Mzee hakutaka kwenda bombani. Akamwaga chai yake. Nikahesabu moja, mbili, ikafika kwenye soksi. Baridi, na sukari, na kipande cha limau juu ya kiatu.

"Karatasi za gari zipo?" nikauliza, bado nimekaa.

"Panya walikula."

Bila karatasi gari ni sanamu. Zamani kulikuwa na mlango wa uani, jimbo la Vermont. Gari likivuka miaka 15, hata kama wewe huijui Vermont iko wapi, ulituma fomu kwa posta na hati ya mauziano, wanakusajilia. Watu wa magari mabovu nchi nzima walikuwa raia wa Vermont. Mwaka 2023 wakaufunga huo mlango kwa watu wa nje. Shemeji alikasirika kuliko siku aliyonyimwa likizo. Mzee nikamweleza haya yote. Akasema ndiyo maana bei ni buku kumi na nane na si ishirini.

Ilibaki kazi moja, sumaku. Fundi bodi akitaka kuficha kutu anajaza pati, anapiga rangi, wewe unaona bati. Sumaku haishiki pati. Sasa sumaku nyumbani tunayo moja, iko kwenye friji, inashikilia bili ya umeme. Ni ya Mama Zawadi. Mlima Kilimanjaro, chini yake twiga aliyebanduka shingo, aliinunua Moshi. Niliichukua bila kumwamsha. Nikaibandika juu ya tairi la nyuma, ikashika. Nikaiteremsha pole pole. Ikafika kwenye pati, ikaniponyoka, ikagonga ukingo, ikatumbukia kwenye tundu la kutu. Nikaisikia inaviringika huko ndani mpaka ikanyamaza.

"Mzee, sumaku yangu imeingia."

"Imeingia wapi?"

"Ndani ya gari lako."

"Kilichomo kwenye gari kinauzwa na gari."

Nikamsihi. Nikamweleza kwamba ni ya mke wangu, ni Mlima Kilimanjaro, imetoka Afrika, Oklahoma nzima hakuna ya pili. Mzee akavua kofia.

"Kwa hiyo ni adimu."

"Sana!"

"Ya mwaka gani?"

"2009."

"Haijapakwa rangi upya?"

"Haijaguswa! Rangi yake ya asili, mzee, hata shingo ya twiga ilibanduka yenyewe." Nilisema kwa majivuno, mtu akinisifia mali ya nyumbani siwezi kunyamaza.

"Basi dola 40."

Tukavutana. Nikageuka kuondoka, hakuniita, nikarudi mwenyewe. Tukafika 25. Akaenda ndani, akarudi na hanga la waya kalinyoosha, akaingiza kwenye tundu, akazungusha. Kikatoka kiota cha panya. Kikatoka kipande cha karatasi iliyotafunwa, hatukukisema. Halafu ikatoka Kilimanjaro, na juu ya kilele imenasa nati.

"Mzee!" nikapiga kelele. "Ya tano hiyo!"

Akaitazama nati. Akaitazama Mustang. Akaibandua nati, akaitia mfukoni, akasema kama ni hivyo basi gari ni V8, na bei ni buku ishirini na mbili.

Nikahesabu 25 zangu, noti za mwisho ni za dola moja moja zimelowa chai. Nikamwomba risiti, maana Mama Zawadi hawezi kuamini. Akatafuta kalamu, akaandika kwenye mgongo wa boksi la mbegu, akasaini, akanikabidhi. Sumaku moja. Kama ilivyo. Haina dhamana. Nati haimo.